Wimbo Una Mwenyewe

 Mwezi huu tunaomba tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo sisi tulidhani ni la vijana wa mjini na wanamuziki wa dansi tu. Kumbe limekaa ndani ya nyumba zetu, ndani ya kwaya zetu, na ndani ya simu tunazobeba katika mikoba kwenda nazo kanisani.

Mwaka 2019, siku moja ya kliniki, tulikuwa tunawapigia simu akina mama waliopitisha tarehe za chanjo za watoto wao. Ndiyo desturi yetu huku Ngara: mama asipofika tunamtafuta, kwa simu kama anayo, kwa miguu kama hana. Tulipompigia mmoja wao, badala ya mlio wa kawaida tulisikia wimbo. Tulitaka kutabasamu, kisha tukashtuka. Zilikuwa sauti zetu wenyewe. Ulikuwa wimbo wa kwaya yetu ya akina mama.

Mama yule alipofika na mtoto wake tulimwuliza aliupata wapi. Akajibu bila wasiwasi, "Sista, nililetewa ujumbe nikabonyeza namba, sasa wananikata fedha kila wiki. Ni wimbo wa mtu wa mjini huo, mzuri sana." Akatuonyesha ule ujumbe. Jina la wimbo lilikuwa lilelile, lakini jina la mwimbaji lilikuwa la mtu tusiyemjua kabisa.

Tulimchoma mtoto chanjo, tukaandika kadi, tukampa tarehe nyingine. Lakini siku ile hatukuwa na raha. Tuliona tumeibiwa. Hatukujua bado kwamba kabla Bwana hajatuonyesha mwizi wetu, angetuonyesha kwanza mikono yetu sisi wenyewe.

WIMBO ULIKOTOKA

Wimbo ule haukutungwa na kwaya. Ulitungwa na mama mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili, mjane, mkulima wa migomba na maharage, aliyeishia darasa la saba. Mwaka 2012 mkwe wake alipatwa na uchungu usiku. Hapakuwa na akiba ya nauli, na mume alikuwa amesafiri kwenda Biharamulo kutafuta vibarua. Walimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani wakasubiri gari. Mkwe alipona. Mtoto hakupona.

Baada ya msiba mama yule alichukua kauntabuku la mjukuu wake akaandika beti nne. Alikuwa anawaasa akina mama wasisubiri uchungu uwakute shambani, na akina baba waweke akiba mapema. Akatufundisha kwa kuimba tu, maana nota hazijui. Tukaupenda. Tukawa tunauimba zahanati kila siku ya kliniki kabla ya somo la afya, na katika kitabu cha elimu ya afya tukawa tunaandika tarehe, mada, idadi ya akina mama waliohudhuria, na kwamba wimbo fulani wa mama fulani umeimbwa. Tuliandika hivyo kwa mazoea ya kazi tu. Sisi wauguzi tumefundishwa tangu chuoni kwamba kazi isiyoandikwa ni kama haikufanyika.

Mwaka 2014 tuliamua kurekodi. Kila mwimbaji alichanga shilingi 10,000, kanisa likatuongezea, tukapanda basi hadi Kahama kwenye studio. Tuliimba siku mbili. Mwishoni mwenyekiti wetu alipewa karatasi asaini. Hatukuisoma. Tulikuwa tumechoka, basi lilikuwa linaondoka, na kijana wa studio alikuwa mpole. Tukatengeneza CD 300 za kuuza shilingi 3,000 kila moja. Lengo letu lilikuwa kununua vitanda na magodoro kwa ajili ya chumba cha akina mama wanaosubiri kujifungua, ili mwingine asije akapita njia aliyopita yule mkwe.

Mwaka mzima tuliuza CD 90. Zilizobaki ziliwekwa kwenye maboksi chini ya kitanda cha mweka hazina. Lakini ajabu ni kwamba wimbo ulikuwa kila mahali. Ulisikika kwenye bodaboda za Kabanga, kwenye migahawa ya Nyakanazi wanakosimama madereva wa malori, hata kwenye malori yenyewe yaendayo Rusumo kuvuka daraja kuingia Rwanda. Watu walitupongeza sana. Vitanda havikununuliwa.

KIJANA WETU

Ni nani aliyekuwa akiutawanya? Akina mama wenzetu, tunalisema kwa aibu. Alikuwa kijana wetu wa kumzaa.

Alipomaliza kidato cha nne bila kufaulu vizuri tulimsaidia mtaji wa kufungua kibanda: kompyuta moja kuukuu, nyaya za kuchaji simu, na spika mlangoni. Wateja walileta memori kadi au flashi, naye akawaingizia nyimbo wanazotaka kwa shilingi 500 au 1,000. Tulimsifu mbele ya majirani kwamba hakai kijiweni. Ada ya mdogo wake ya muhula mmoja ilitoka katika kibanda kile.

Siku moja mwaka 2015 tulipita pale tukakuta mteja anaingiziwa wimbo wetu. Tulinyamaza hadi jioni. Baada ya chakula, sisi na baba yake, tulimweka kitako. Hakukana. Alisema, "Mama, CD niliikuta kabatini nyumbani. Watu waliuulizia wimbo wenu kila siku. Nilidhani nawasaidia mjulikane."

Tulianza kumsomea amri za Mungu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na zile flashi 60 za nyimbo za kwaya mlizoniagiza niwatengenezee siku ya changizo la bati za kanisa, mlimlipa nani?"

Hatukuwa na jibu. Ni kweli tulimwagiza. Tulichagua nyimbo za kwaya mashuhuri za Dar es Salaam, za Tabora na za Kigali, tukaziuza shilingi 10,000 kila flashi, tukashangilia fedha zilizopatikana. Miongoni mwake zilikuwamo nyimbo za Ambassadors of Christ wa Kigali. Mwaka 2011 baadhi ya waimbaji wa kwaya ile walifariki kwa ajali ya barabarani hapa nchini kwetu, wakiwa safarini kurudi Rwanda baada ya kuhudumu. Tuliwalilia sana. Halafu tukauza nyimbo zao bila kuwauliza waliobaki. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Usiku ule tuliuelewa usemi huo.

ALIYEACHA KUJA MAZOEZINI

Kulikuwa na jambo jingine lililokuwa zito zaidi. Tangu CD zile zitoke, yule mama mtunzi alikuwa amepunguza kuja mazoezini, na mwishowe akaacha. Baadhi yetu tulisema amepandwa na kiburi. Wengine walisema anataka fedha. Hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Baada ya aibu ya nyumbani kwetu tulikwenda kumtembelea, watatu wetu, na sukari na sabuni kama desturi. Alitukaribisha vizuri, akatupa ndizi na maharage. Tulipouliza kwa nini ametuacha, alikaa kimya kidogo, kisha akaleta moja ya zile CD. Ilikuwa na picha yetu wote tukiwa na sare. Ndani ya karatasi yake yaliandikwa majina ya mwenyekiti, ya mwalimu wa kwaya, ya mpiga kinanda, ya studio, na shukrani kwa kila mtu. Jina lake halikuwapo.

Akasema, "Fedha zenu sikuzihitaji, dada zangu. Kwanza hazikupatikana. Lakini wimbo ule ndio kaburi la mjukuu wangu. Hamkuniuliza. Hamkuniandika."

Tulilia pamoja naye. Tulimwomba msamaha. Alitusamehe siku ileile, lakini mazoezini hakurudi haraka, ilichukua miezi. Nasi hatukumlaumu, maana kidonda huwa na siku zake za kupona.

MASHINE HAIMJUI MTUNZI

Sasa turudi mwaka 2019. Baada ya kusikia wimbo wetu kwenye simu ya yule mama, kijana mmoja wa kwaya anayejua kompyuta alitushauri tufungue chaneli ya YouTube na kuuweka sisi wenyewe, ili watu wajue ni wetu. Tukafanya hivyo. Hata siku mbili hazikupita, ujumbe ukaja: sauti iliyomo katika video hii imedaiwa na mtu mwingine, na fedha zozote za matangazo zitakwenda kwake. Jina lilikuwa lilelile la kwenye simu. Sisi tulioimba tukaonekana ndio wezi!

Kijana yule alitueleza jinsi mambo yanavyokwenda. YouTube ni mali ya kampuni ya Google. Wana mtambo unaohifadhi alama za sauti za nyimbo zilizopelekwa kwao na wenye haki, mara nyingi kupitia kampuni za usambazaji. Kila video mpya inayowekwa, mtambo huilinganisha na alama hizo. Zikifanana, aliyepeleka kwanza anaweza kuamua video ifungwe, au iachwe na fedha zake ziende kwake. Mtambo haujui nani alilia usiku akiandika. Unamjua aliyetangulia kujiandikisha.

Kwa upande wa simu ni hivyohivyo. Tuliandika barua kwa kampuni inayohusika. Tulijibiwa kwamba wao hupokea nyimbo kutoka kwa wakala, na wakala ana mkataba na aliyeuleta wimbo, kwa hiyo tumtafute huyo. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya mwenzake. Sisi hatukuwa na karatasi hata moja, na ile aliyosaini mwenyekiti kule Kahama hatukubaki na nakala yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo tulikuwa na daftari, ila tulikuwa tumelisahau. Mama mtunzi alikuwa bado ana lile kauntabuku la mwaka 2012. Nasi zahanati tulikuwa na kitabu cha elimu ya afya, chenye tarehe na jina la wimbo na la aliyeutunga, miaka miwili kabla ya studio. Kwa ruhusa ya mganga mfawidhi tulitoa nakala za kurasa zile. Tulipinga lile dai kwenye YouTube tukieleza wimbo ulikotoka. Taratibu zao zinampa mdai siku 30 za kujibu. Hakujibu. Siku ya thelathini ilipopita dai likaondoka lenyewe.

Msifikiri tulishinda yote. Fedha ambazo wimbo ulizaa kwa jina la mwingine kabla ya hapo hatujaziona. Huko kwenye miito ya simu ilituchukua zaidi ya mwaka na barua nyingi mpaka wimbo ukaondolewa, na hakuna aliyetulipa. Nani hasa aliupeleka, mpaka leo hatujui kwa hakika, nasi hatutaki kumsingizia mtu.

SI SISI PEKE YETU

Tulipoanza kuuliza, tuligundua kwamba njia hii imepitwa na wengi, wakubwa kwa wadogo.

Hapa hapa mkoani kwetu Kagera, nani hamjui Saida Karoli wa Bukoba? Mwaka 2001 wimbo wake wa Maria Salome ulivuma nchi nzima, hata kwa wasiojua neno moja la Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya kwa jina la Salome, ukatazamwa kwenye intaneti mara mamilioni. Wimbo wa binti wa kijijini unaweza kuishi na kuzaa matunda miaka 15 baadaye. Je, mtunzi anapofunga mkataba wa kwanza akiwa msichana, nani hukaa naye kumweleza juu ya hiyo miaka 15?

Afrika Kusini palikuwa na mtu aliyeitwa Solomon Linda. Mwaka 1939 alirekodi wimbo wake wa Mbube, na haki zake akazitoa kwa kampuni ya kurekodi kwa shilingi 10 tu. Wimbo ulikwenda Marekani, ukabadilishwa maneno, ukaimbwa na wengi, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya katuni ya Disney ya The Lion King. Linda mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake waliishi Soweto katika shida huku sauti ya baba yao ikizunguka dunia. Ni mpaka mwaka 2006, baada ya kesi, ndipo yalipofikiwa mapatano ya kuwalipa. Akina mama, fikirini juu ya watoto wale. Haki ya mtunzi ni chakula cha yatima wake.

Juu ya miito ya simu, nchini kwetu kuna kesi iliyojulikana sana. Mwezi Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya Tigo iwalipe wanamuziki AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao mbili kutumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni ilikata rufaa na shauri likaendelea katika mahakama za juu kwa miaka. Mmoja wa wale wawili, MwanaFA, aliingia Bungeni mwaka 2020 na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara inayoshughulikia sanaa. Majirani zetu wa Kenya nao mwaka 2022 walirekebisha sheria yao ya hakimiliki, wakaandika kwamba katika mapato ya miito ya simu mwenye wimbo apate asilimia isiyopungua 52. Maana yake ni kwamba hata wabunge waliona kampuni na mawakala walikuwa wanakula sahani nzima na kumwachia mpishi makombo.

WENGINE WASEMA NI WIMBO WA MUNGU

Tulipolipeleka jambo hili katika kikao cha kanisa, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema, "Akina mama, wimbo wa injili si bidhaa. Tumepewa bure, tutoe bure. Waacheni wauimbe, Mungu atawalipa." Wengi walitikisa kichwa kukubali. Hata nyumbani kwetu, baba watoto aliuliza kama ni vema Wakristo kufuatana na barua za madai kwa sababu ya wimbo.

Tuliwaza sana neno la mzee yule, kwa sababu lina kweli ndani yake. Wimbo ukiimbwa ibadani, au msibani, au na mama anayembembeleza mtoto wake, hatutaki senti ya mtu. Tunashukuru. Lakini hapa kuna mtu anayekatwa fedha kila wiki kwenye simu yake, na fedha hizo zina mahali zinakwenda. Hazikwendi kwa Mungu. Haziendi kwa mtunzi. Zinakwenda kwa kampuni, kwa wakala, na kwa mtu aliyejiandikisha kwa wimbo asioutunga. Je, hapo tunatoa bure, au tunanyamazia dhuluma?

Nasi wauguzi huambiwa kazi yetu ni wito, na kweli ni wito. Uponyaji watoka kwa Bwana. Lakini mwisho wa mwezi tunapokea mshahara, na hakuna anayesema tumeuza uponyaji. Katika Torati, Walawi 19, Bwana alikataza ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi. Naye Yakobo, sura ya 5, aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowanyima wavunaji una sauti, na sauti hiyo imemfikia Bwana. Mama anayelima migomba mchana na kutunga wimbo usiku naye ni mvunaji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mzee alitusikiliza. Hakukubali yote, lakini mwishoni alisema jambo ambalo hatutalisahau: "Basi anzeni na yule mjane wenu."

TULIVYOFANYA

Tulianza naye. Mwaka 2021 tuliandika karatasi kati ya kwaya na mama mtunzi, kwa Kiswahili chepesi, ikasomwa kwa sauti mbele ya wanakwaya wote na mchungaji akiwa shahidi. Iliandikwa kwamba wimbo ni wake, sauti zilizorekodiwa ni za kwaya, na kila shilingi itakayopatikana atapata theluthi moja. Yeye ana nakala, sisi tuna nakala, kanisa lina nakala. Kisha tukauandikisha wimbo COSOTA, ambayo leo ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Ni vema kila mama ajue: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapokwisha kuitunga kazi yake, hata kama hajaiandikisha popote. Ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo ni urithi wa watoto kama shamba. Waimbaji na waliotengeneza rekodi nao wana haki zao, lakini hizo ni tofauti na za mtunzi. Kuandikisha kunasaidia kuwa na ushahidi siku ya ugomvi.

Chaneli yetu ilitukawiza. Wakati ule YouTube walitaka chaneli iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kuanza kuingiza fedha. Baada ya hapo, katika fedha za matangazo ya video, wao huchukua asilimia 45 na mwenye video 55. Tena hawatumi kitu mpaka zitimie dola 100. Nayo matangazo yanayoonyeshwa kwa mtazamaji wa Ngara hayalipiwi sawa na yanayoonyeshwa kwa mtazamaji wa London. Malipo yetu ya kwanza yaliingia mwaka 2022: shilingi laki mbili na kidogo, baada ya miaka mitatu ya kazi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba intaneti ni mgodi. Kwa wengi ni shamba la mchanga.

Hata hivyo mama mtunzi alipata theluthi yake. Alipoipokea aliihesabu polepole, akatoa shilingi 30,000 akalipia bima ya CHF ya kaya yake, watu sita, akiwamo yule mkwe wake na mtoto aliyempata baadaye. Sehemu ya kwaya tulinunua magodoro mawili. Vitanda bado tunatafuta.

Na zile flashi 60? Tuligawanya deni tukachanga, tukawatafuta viongozi wa kwaya moja baada ya nyingine. Tulizowapata tuliwatumia walichokubali. Mmoja alikataa kupokea, akasema tuendelee kuomba naye. Mwingine alipokea akasema ndiyo mara ya kwanza mtu kumlipa kwa wimbo uliokwisha kuibwa. Wengine hatujawapata bado, na fungu lao lipo kwa mweka hazina.

Kijana wetu aliacha kuingiza nyimbo za watu bila ruhusa. Alipoteza wateja wengi, maana kibanda cha ng'ambo ya barabara hakikuacha. Kwa miezi kadhaa tulimwongezea kodi ya kibanda kutoka mshahara wetu, na haikuwa rahisi. Alijifunza kutengeneza simu, sasa ndiyo kazi yake. Siku moja alituambia, "Mama, njia hii ina fedha kidogo." Tukamjibu kwamba ni kweli.

Akina mama wapendwa, kwaya nyingi zinarekodi siku hizi, na watoto wetu wengi wanaimba, wanachora, wanaandika. Kabla ya kusaini karatasi, isomeni, au msomewe na mtu mnayemwamini, na mbaki na nakala. Mwandikeni mtunzi jina lake, hata kama ni bibi asiyejua kusoma. Wekeni daftari lenye tarehe. Na kabla hamjamwinulia kidole aliye mbali, mwenye mitambo na mawakili, tazameni kwanza kabatini mwenu kuna nyimbo za nani, na nani hajaulizwa.

Siku hizi mama yule amerudi mazoezini. Siku za kliniki tukimaliza kupanga kadi, yeye ndiye anayeanzisha wimbo, nasi tunamfuata. Katika kitabu bado tunaandika: tarehe, mada, idadi ya akina mama, wimbo, na jina la aliyeutunga.